Siku Nilipokifunga Kinubi kwa Mshipi wa Nguru

Nichekeni, nimeshazoea. Kila nikifika bombani wanawake wananiuliza, "Amade, leo hukazi kitu?" halafu wanaangukiana kwa kicheko, nami najifanya sijasikia huku masikio yanawaka, maana aibu niliyoipata kwenye harusi ya dada yake Zaina sijaona mtu mwingine akaipata na bado akaendelea kuishi mtaa uleule, hapahapa Quitunda.

Kwanza mjue nilikuwa nimeposa. Wazee wangu walikwenda kwa Mzee Nfaume kuniposea binti yake Zaina, na mzee akasema binti yake mkubwa anaolewa wiki hiyo, harusi ikipita atatoa jibu. Basi harusi ile kwangu ikawa mtihani: nikabeba viti, nikachota maji, nikachinja kuku, nikakoka moto, nikacheka hata pale ambapo mzee hajasema cha kuchekesha. Nilikuwa natafuta jambo moja kubwa la kumfanya aseme, huyu ndiye.

Kaka yake Zaina, Saide, alisomea muziki Maputo, akaja na kinubi chake. Kama hamjakiona ni hivi: sanduku tupu la mbao, juu yake mti uliopinda, na katikati nyuzi ishirini na mbili, ndefu huku, fupi kule. Alikipakata kwenye mashimbombo, yale mabasi ya safari ndefu, siku nzima nzima, hakukubali kiwekwe na mizigo, na bado njiani uzi mmoja ukakatika. Sasa mimi kazi yangu ni uvuvi, mishipi na nyavu, na mafundo yangu (si kujisifu, ulizeni hata kisiwani Vamizi) hayafunguki. Mzee Nfaume akasema mbele za watu, "Mpeni Amade, fundo lake hata papa halifungui." Mnaona? Kifua kikanijaa.

"Shemeji," Saide akaniambia (shemeji! kabla hata ya jibu!), "uzi wenyewe hauna sauti ya maana. Ukiuvuta kwa kidole ukauachia, unautikisa huu ubao wa sanduku, na ubao ndio unaoimba. Uzi mrefu mnene sauti nzito, mfupi mwembamba sauti ya juu. Nitafutie mshipi mwembamba, funga huu mmoja tu, kaza taratibu kwa ufunguo huu, nyingine usiziguse." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yako mlangoni, Zaina anapita na sinia. Saide akaenda zake kunyolewa.

Mshipi mwembamba sikuwa nao, nilikuwa na ule mnene wa kuvulia nguru, nikasema mshipi ni mshipi. Nikafunga, nikavuta, ukakoroma. Nikakaza, nikakaza tena, ukapanda kidogo. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mume wa mtu. Lakini nikarudi nyuma nikitazame, nikakiona kichafu: nyuzi nyeupe, halafu hapa nyekundu, pale nyeusi, hapa tena nyekundu, nikajua kaka wa watu alikosa nyuzi za kufanana akaungaunga (kwetu sisi wavu wa viraka vya rangirangi ni wavu wa mtu aliyeshindwa). Nikamwonea huruma. Nikazifungua zote ishirini na mbili nikafunga upya, mshipi mmoja, rangi moja, na kila mmoja nikaukaza mpaka ukalia ting. Mti ukatoa kasauti, krrr. Nikadhani unashukuru.

Alasiri bibi harusi akakalishwa, Saide akakiegemeza kinubi begani, watu kimya. Mzee Nfaume yuko kiti cha mbele, mimi nyuma yake, Zaina ubavuni mwangu, nikamnong'oneza, "Kazi yangu hiyo." Saide akanyoosha vidole. Vikabaki hewani. Akainama, akatazama nyuzi, akatazama tena, akanigeukia.

"Amade, nyekundu zangu ziko wapi?"

"Nimekusafishia."

"Na nyeusi?"

"Zote, shemeji."

Kumbe rangi zile ndizo zinamwonyesha njia! Nyekundu anajua sauti ya do iko hapa, nyeusi anajua fa iko pale, ukimwondolea ni sawa na kumzimia mtu taa jikoni halafu ukamwagiza chumvi. Lakini watu wanamtazama, afanyeje? Akafumba macho, akavuta mmoja. Ukalia kama ndoo. Akavuta wa pili, ukawa afadhali ndoo. Nami kwa aibu nikainuka, nikauchukua ule ufunguo wa kukazia, nikakaza robo tu, ukae sawa. Robo tu, wallahi.

PAA!

Mti ulipasuka juu, ubao ukang'oka. Ninyi wa mbali mngeuliza kuna nini. Sisi wa huku tuliokimbia vita, mlio kama wa bunduki hatuusubiri ujieleze, tulishajifunza. Kufumba na kufumbua uwanja mtupu: viti vimelala, pilau imemwagika, bwana harusi karuka ua, bibi harusi kapandisha gauni magotini anakwenda na hina yake. Na mimi? Mimi niliyeuona mti ukipasuka kwa macho yangu mawili, mwenye ufunguo mkononi, mimi ndiye niliyewatangulia wote. Akili ilijua, miguu haikuiuliza.

Nikajitupa kwenye mihogo nyuma ya nyumba. Nikamkuta mtu amelala kifudifudi, amejifunika kapulana ya maua, nguo ya kujifunga wanawake. Mzee Nfaume! (Kapulana aliitoa wapi, mpaka leo hajasema.)

"Wanaopiga ni akina nani?" akaninong'oneza.

"Ni mimi, baba."

"Nakuuliza wanaopiga!"

"Ndiyo, baba. Ni mimi. Nimekaza sana."

Akanitazama weee, kisha akainuka, akaanza kuikunja ile kapulana pembe kwa pembe.

Tuliporudi, Saide alikuwa palepale, hakukimbia, amekaa chini anaokota vipande huku machozi yanamtoka, na hapo nikajiona sina maana hata kidogo, kwa sababu kinubi kile ndicho kilichokuwa kinamlisha. Zaina alisimama kando yake. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Mti utaungwa. Ulinipita ukikimbia, Amade. Nilikunyooshea mkono, ukanipita."

Nikamtazama mzee anisaidie. Akasema, "Jibu langu nilikuwa nalo tayari. Sasa muulize huyo uliyempita."

Imepita miezi. Seremala amekiunga kinubi, nyuzi zililetwa kutoka Maputo, nami nilizifunga moja moja, Saide kanisimamia kichwani, nyekundu kwanza. Zaina hajasema ndiyo, hajasema hapana. Anapita na sinia lake, anauliza, "Umekaza?" Nami namjibu, "Nimelegeza."

Nimeapa mambo mawili. Nikiona rangi kwenye kitu cha mtu, nitauliza ni ya nini kabla sijagusa. Na mlio mwingine ukija nitakimbia, siwadanganyi, miguu hii naijua. Lakini kwanza nitaushika ule mkono.