Askari wa Kifuani

Nilisafiri siku tatu kutoka Tabora, mbili ndani ya gari moshi na moja bandarini Dar es Salaam nikingoja meli. Nikafika Unguja nina sanduku la bati na cheti cha sekondari. Nilipata ukarani katika ghala la karafuu, na chumba kwa bibi mmoja mjane wa Mji Mkongwe, aliyenitazama mara moja tu akaamua kuwa mimi ni mwanawe.

Msimu wa kwanza nilipiga chafya tu. Wa pili kifua kikaanza kulia. Wachukuzi wa ghalani wakacheka: "Karani kameza zumari! Hebu tupigie, bwana, tucheze!" Nilicheka nao, ila nilikuwa nimeshaanza kuogopa ngazi za nyumba.

Bibi alizisikia pumzi zangu.

"Hilo jicho, mwanangu. Ntakufukiza."

Alifunga madirisha, akanikalisha kwenye kigoda, akanifunika shuka pamoja na chetezo cha udi na ubani. Fukizo la mwenye nyumba halikataliwi. Nikavuta. Pumzi iliingia, haikutoka. Nilimsikia akisoma, kisha akipiga ukelele, kisha sikusikia kitu.

Nilizindukia hospitali. Huko fundi wa maabara alipaka makohozi yangu kwenye kioo, akayatia rangi, akaniita kwenye darubini. Niliona chembe zilizojaa punje nyekundu, zimebanana kama watu mnadani.

"Ndio ugonjwa wenyewe?" nikauliza.

"Ugonjwa gani! Hao askari wako mwenyewe, ndugu yangu. Kawaida wamo kwenye damu, wachache. Sasa wameitwa kifuani, wakapenya mishipa, wanapigana humo."

"Wanapigana na nani?"

"Na vumbi la karafuu. Vumbi tu! Na wakishajazana hivi, hata moshi wa udi unatosha kukuziba."

"Lakini nani anawaita?"

Alifuta kioo kwa kitambaa. "Hilo hata daktari hajui."

Jibu lile lilinitisha kuliko pumu yenyewe. Adui ningemkimbia. Hawa nilikuwa nawalisha mwenyewe, na siku yoyote mtu nisiyemjua angewapigia mbiu.

Nilipomweleza bibi, alikichukua chetezo akakisukuma chini ya kitanda. "Basi mimi ndo nlotaka kukuua?"

"Hapana, bibi. Ulinitakia uzima."

Hakufukiza tena, hata nguo zake za Ijumaa. Nikaacha ghala, nikapata kazi ya kuuza katika duka la vitambaa. Nilitaka sana kubaki. Sijapata kupendwa vile mahali pengine, na nimepita pengi. Lakini msimu wa tatu mji mzima ulinuka karafuu, na mchana mmoja, nikipima kitambaa cha mteja, nikaona kucha zangu zimekuwa za buluu. Mteja alikiachia kitambaa akakimbia kuita watu.

Asubuhi ya meli ya kurudi bara nilimwamkia bibi mlangoni. "Shikamoo."

"Marahaba. Nenda, baba. Usigeuke, ukigeuka utarudi, na ukirudi nitakuzika."

Sikugeuka. Nilishuka kichochoro polepole, mkono mmoja ukutani, nikizisikiliza pumzi zangu.