Kompyuta ya Mama Rinkal

Uwesu hakuwa fundi wa kubahatisha. Tangu biashara huria ifungue milango na kompyuta chakavu za Ulaya zianze kumwagwa Kariakoo kama viatu vya mitumba vya Mchikichini, yeye alikuwa kibandani kwake akizifufua. Alikuwa na CD moja aliyoitunza kama mboni ya jicho. Kompyuta ikigoma kuwaka, anaitia CD ile, inamletea kiooni picha ya diski ya ndani na vitufe. Anabofya kimoja, yenyewe inatafuta palipoharibika na kupatengeneza. Lakini kwa vile umeme wa mgao ulikatika wakati wowote na ungeweza kuiua diski katikati ya matengenezo, alijiwekea sharti: kwanza nakili kila kilichomo, ndipo utengeneze. Na kunakili kulichukua siku nzima.

Sasa nani Kariakoo akuachie kompyuta siku nzima? Thubutu! Mafundi matapeli walishawachomolea watu vifaa vizima na kuwabambika vibovu, mpaka ikawa desturi: mteja anavuta kigoda na kukukodolea macho hadi umalize.

Mama Rinkal, mjane wa Kisutu, alikuja na yake imeviringishwa shuka. Haiwaki tangu juzi. Ndani, alisema, mlikuwa na sauti ya Rinkal, binti yake wa pekee, akiimba. Homa ilimchukua Rinkal mwaka uliopita, na kila jioni mama yake alikaa kumsikiliza. Sauti ile haikuwapo pengine popote.

“Shikamoo, mama. Niachie mpaka kesho,” Uwesu alisema.

“Marahaba. Hapana, fundi, nitakaa hapa hapa.” Akavuta kigoda, macho kwenye mikono ya Uwesu.

Ikamchoma. Miaka yote hajaiba hata skrubu, bado anachungwa kama kibaka! Angeweza kumweleza kwamba kunakili kunataka siku nzima, lakini wapi, hasira zilishampanda.

“Haya, tazama basi.” Akatia CD, akabofya bila kunakili kwanza.

Mstari wa kijani ukaanza kujaa taratibu. Umefika katikati, umeme ukakatika mtaa mzima. Kabla jenereta za majirani hazijakaa sawa, umeme ukarudi kwa nguvu hata taa ya kibanda ikapasuka. Pakanuka kuungua. Diski ikawa inagonga tu, ka, ka, ka, kisha kimya. Uwesu akarudia CD yake. Kioo kikasema hakuna diski. Akaichomoa diski, akaichomeka kwenye mashine nyingine. Hakuna kitu.

Masikini Uwesu! Akaona uongo hautamsaidia.

“Mama, nisamehe. Sauti imepotea. Ningenakili kwanza, hata umeme ukatike mara mia, ungekuwa nayo. Ndiyo maana nilitaka uniachie.”

Mama Rinkal aliinuka kigodani. Alilitandaza shuka mezani, akaanza kuiviringisha kompyuta polepole, huku machozi yakimdondoka.

“Ungeniambia hivyo, fundi,” alisema. “Ningekuachia hata mwaka.”