Kurasa za Matope

Mlinzi wa bwawa hakujua kusoma wala kuandika, ila namba za nguzo ya kupimia maji alizijua kama sura za wanawe. Kila asubuhi aliipigia ofisi simu, akazitaja. Matope yalikuwa kazi nyingine. Kila mwisho wa mwezi aliingia majini na mtumbwi, akazamisha chuma kirefu mpaka kigonge chini pagumu, akapima tope kwa shubiri. Kitabuni aliandika mkewe.

Mkewe alifariki miezi mitano iliyopita. Wiki ile ile ilishuka mvua moja ya kishindo, ikakomba udongo wa vilima vitupu, ikaumwaga bwawani. Toka hapo, hata tone.

Leo alikuja mhandisi, binti wa rika la kitinda mimba wake, na kikokotoo mkononi. Alikaa jikoni, kwenye kiti ambacho siku hizi hakikaliwi na mtu.

"Maji yaliyobaki ni ya siku sabini na nne, mzee. Mvua zinakuja baada ya sitini. Tutapenya. Kesho natangaza hakuna mgao."

Mlinzi alikoroga chai isiyo na sukari.

"Matope umeyatoa kwenye hesabu?"

"Nimetoa. Haya hapa." Alifunua kurasa za nyuma za kitabu kile. "Ya mwisho ni ya miezi mitano nyuma, shubiri nne. Baada ya hapo hapana kitu, nikajua hayajaongezeka."

Mlinzi aliweka kijiko chini. Angeweza kuliacha hapo. Kazi ile ilitaka mtu anayeandika. Ofisini wakijua yeye hawezi, nyumba ya kazini ingekwenda, na chumba alimofia mkewe.

"Twende majini," alisema.

"Mtumbwi wenyewe unavuja?"

"Kidogo."

"Mzee, mimi nimesomea maji, sikusomea kuogelea."

"Usiogope, mwanangu. Siku hizi ukizama unasimama."

Binti alicheka mpaka walipofika katikati. Pale chuma kilizama topeni, kikazama, kikazidi kuzama. Kilipotolewa kilikuwa cheusi kupita kimo cha mtu. Walipima mahali patano. Kote hali ile ile.

"Shubiri kumi na moja," mlinzi alisema. "Tangu mwezi ule wa mvua."

"Ulijua?"

"Nilipima kila mwezi."

"Sasa mbona hukuandika?"

"Aliyekuwa anaandika nimemzika."

Binti alipiga hesabu gotini, akairudia. Siku thelathini na tisa. Akampigia mkubwa wake. Sauti ilitoka kali, hata mlinzi akaisikia: mji mzima unaoga na kumwagilia bustani, nani kazembea?

Binti aliziba simu kwa kiganja.

"Mzee, niseme kitabu kilipotea?"

Mlinzi alitazama ukuta wa bwawa, alama ya maji ya zamani iko juu kabisa, imekauka.

"Hapana. Watatafuta kitabu wiki nzima, maji yanakwisha. Mwambie ni mimi. Wafunge mabomba leo. Mimi watanikuta nimeshafunga virago."