Siku Niliyotia Mawese Kwenye Saa ya Baba

Nimechekwa vya kutosha kwa ajili ya jambo hili, kwa hiyo afadhali niliseme mwenyewe kabla mdogo wangu hajaanza kulisimulia kwa madoido yake: mimi ndiye yule msichana wa Kolwezi aliyeifukuza treni kwa miguu, akilia kwa sauti, kandambili mguu mmoja, mbele ya umati mzima, na treni yenyewe haikuwa inaenda popote.

Yote yalianzia kwenye saa ya mkono ya baba, saa ya kutia ufunguo, zawadi aliyopewa alipostaafu mgodini, na katika miaka ile mgodi ulipokuwa ukidhoofika na king'ora chake kikaacha kulia, barabara yetu nzima ikawa inaishi kwa saa hiyo: baba aliitazama, akatoka uani, akagonga jante, ile rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inia kwenye mparachichi, mapigo kwa hesabu ya saa, na hapo muuguzi akajua aende zamu, watoto wakajua waende shule, na Mama Feza, jirani yetu muuza maandazi, akajua ageuze ya mwisho.

Kila mwaka kabla ya miezi ya baridi baba aliipeleka saa ikasafishwe kwa Tata Kalala, fundi wa nyumba ya tatu. Ila mwaka ule Tata Kalala hakuwa nyumba ya tatu. Alikuwa gare, kwenye stesheni ya treni. Alizaliwa Kolwezi kama mimi, lakini baba yake alitoka Kasai, na vijana walikuwa wamepita wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao, basi yeye na mke wake na watoto wakawa wanalala kwenye sakafu ya gare pamoja na wengine wengi, wakingoja treni. Sanduku lake la vifaa baba alilificha chini ya kitanda ili lisiibwe kule, wakakubaliana apelekewe siku ya kupanda. "Bila hii sanduku," baba aliniambia, "kule anaenda ni mutu bila mikono."

Kisha malaria ikamwangusha baba, akanipa mimi saa na kazi ya jante, na akaniagiza niipeleke gare, pamoja na lenzi na brashi kutoka sandukuni, ili Tata Kalala aiangalie, maana ilikuwa imeanza kuchoka.

Sikwenda. (Huu ndio uamuzi ulioleta yote, tazameni ulivyo mdogo.) Njia ya gare ilipita mahali walipokaa vijana, wengine niliosoma nao, na mtu yeyote aliyepeleka hata sahani ya bukari, ugali wetu, kule walimzomea. Niliogopa kidogo, lakini zaidi niliona haya. Basi nikakaa jikoni, nikafungua mgongo wa saa kwa ncha ya kisu, nikaona magurudumu madogo yamekauka, nikayahurumia, nikayatia tone la mafuta. Mafuta gani? Yaliyokuwepo. Mawese. Yakang'aa mle ndani mekundu kama kito, saa ikatembea kwa furaha, nami nikaenda kumwambia baba kwamba Tata Kalala anamsalimia sana.

Sasa, kila mtu wa Kolwezi anajua mawese yanavyokuwa asubuhi za baridi: yanaganda kwenye chupa, mpaka uisogeze karibu na mbabula, jiko letu la makaa, ndipo yamwagike. Nilikuwa nikiiotesha moto chupa hiyo tangu utotoni. Haikunijia kabisa kwamba saa nayo ni chupa.

Siku chache baadaye habari ikaja kwamba treni ingeondoka kesho yake saa nne asubuhi. Baba akaniambia nitoke na sanduku saa mbili. Asubuhi hiyo ilikuwa ya ukungu, baridi ya kuuma meno, na saa niliyoitundika kwenye msumari wa dirishani ilisema kumi na moja na nusu, kwa hiyo nikajifunika koti la baba nikarudi kulala. Nilipoamka tena ilisema vilevile. Nikaichukua, nikaifumbata, ikaanza kulia tik tik (joto la kiganja, bila shaka, lakini mimi nilidhani inanisalimia), nami nikashukuru kwa asubuhi ndefu namna ile. Nikasubiri kwa utulivu ifike kumi na mbili, nikatoka na koti lilelile, nikaipiga jante mara kumi na mbili kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake.

Milango ikafunguka. Watu wote walikuwa wamevaa, wameoga, wamekunywa chai. Mama Feza akanitazama kutoka juu hadi chini, mikono yake ina unga.

"Ngoie, unagonga ya leo ao ya kesho? Redio imeshasema saa tatu na nusu."

Sikumbuki nililibebaje lile sanduku. Nakumbuka koti la baba likinipiga magotini, nakumbuka kandambili moja ikibaki kwenye tope la bomba lililopasuka, na nakumbuka kwamba niliwapita wale vijana wa njiani wala sikuwaona, mimi niliyekuwa nimewaogopa wiki nzima. Nilipofika gare treni ilikuwa inasogea. Watu juu ya mabehewa, magodoro, kuku, na magurudumu yanageuka. Nikaruka kwenye reli, nikaifukuza huku nikilia, "Tata Kalala, mikono yako! Tata, mikono yako!" na watu wakanitazama kama wanavyomtazama mtu aliyefiwa na akili. Nikakimbia mpaka pumzi ikaisha, nikaketi juu ya kokoto na sanduku mapajani, nikalia kwa ajili ya mtu aliyekwenda bila mikono.

Treni ikasimama. Kisha ikarudi kinyumenyume, taratibu, ikanipita. Ilikuwa imekwenda kuunganishwa na mabehewa mengine.

"Ngoie," sauti ikasema nyuma yangu, "unafukuza treni ya nini? Miye niko hapa, hata sijapanda."

Tata Kalala alikuwa amekonda, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha juu kama siku zote. Akalipokea sanduku kwa mikono miwili, akaliweka chini, akalifungua, akavigusa vifaa kimoja kimoja. Halafu akauliza kilichonichelewesha, nikamnyooshea saa. Akaketi juu ya godoro lililofungwa kamba, akaweka lenzi jichoni, watu wakakusanyika (walikuwa wamekaa majuma bila kitu cha kutazama), akaifungua, akanusa.

"Ulitia nini mu hii saa?"

"Mafuta, tata."

"Ya nini?"

Nikanong'ona. Akaniambia niseme kwa sauti, ili mama, mke wake, naye asikie.

"Ya mawese."

Mke wake akainua kichwa kutoka kwenye mizigo. "Ilibakia tu sombe na chumvi," akasema, kana kwamba nimepika kisamvu, na gare ikacheka. Walicheka wazee, wakacheka wanawake juu ya mabehewa, mtu mmoja akauliza kama imeiva, na mimi nikatamani reli ifunguke inimeze.

Fundi akaomba petroli kidogo kwa dereva wa lori, akayaosha magurudumu moja moja kwa brashi nyembamba, akatia mafuta yake kwa ncha ya sindano, kidogo kuliko chozi la sisimizi. Akanifundisha: ufunguo mara moja asubuhi, ukikaza usilazimishe, futa jasho kwa kitambaa, kisu kibaki na vitunguu. Kisha akauliza polepole, bila kuniangalia:

"Mbona haukuniletea? Miye nilikuwa hapa tu."

Ningeweza kudanganya tena. "Niliona haya, tata. Niliogopa wataniona nikija kwenu."

Akafunga mgongo wa saa. Akanivalisha mkononi, akaibana kwenye tundu la mwisho.

"Basi leo Kolwezi yote imekuona," akasema. "Haya imekwisha. Rudi kwa njia kubwa."

Nilirudi kwa njia kubwa, mguu mmoja mtupu, na saa sita kamili niligonga jante, na baba akaamka akahesabu mapigo yote, halafu nikamwambia zile salamu zilikuwa za uongo, na kwamba sasa nimeleta za kweli.

Miezi mingi baadaye mtu wa reli aliyepitia Lubudi alitufikishia habari: Tata Kalala ana meza yake sokoni kule Kasai, ana wateja, na anauliza kama ile saa ya mpishi bado inatembea. Inatembea, tata. Kila mwaka kabla ya baridi naipeleka kwa fundi mwingine, mchana, nikipita katikati ya barabara, na mawese yangu hayatoki jikoni.