Damu Isiyouma

Nilitoka Tanga kwenye mashamba ya mkonge kwa basi hadi Morogoro, kisha treni hadi Tabora, daraja la tatu, nimekalia gunia la mtu nisiyemjua. Ulikuwa mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Njiani niliona malori yamepakia milango, vinu na kuku. Barua ya mama ilikuwa na mstari mmoja: baba yako anakojoa damu, njoo.

Nilimkuta baba yangu, Cheyo, kwenye cherehani yake, amekonda hadi kanzu inampwaya mwilini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamekutoa kote huko kwa ajili ya kichocho? Mama yako ana mambo!"

Kule Ziba alikokulia, vijana waliogelea kwenye malambo ya kunyweshea ng'ombe, na karibu wote wakakojoa damu. Ilihesabiwa kuwa ni kukua. Asiyeiona alitaniwa kuwa msichana. Mimi mwenyewe niliipata huko kwa babu, nikapigiwa makofi.

Nilimpeleka hospitali.

"Mzee, damu hii ilianza lini?" daktari aliuliza.

"Hii? Mgeni wangu huyu. Anakuja, anaondoka."

"Ilikuwa inauma?"

"Ingeuma ningekaa nayo?"

Daktari hakucheka. Alinitoa nje, akaniambia kichocho cha utotoni kilikichubua kibofu miaka mingi mpaka kikaota saratani, na sasa ilikuwa imepenya ndani ya nyama yake. Kipimo cha kuigundua mapema hakuwa nacho. Dalili ilikuwa damu ile ile isiyouma.

"Mngekuja ilipoanza," alisema.

Ilipoanza nilikuwepo. Miaka miwili nyuma, nikiwa likizo, baba alitoka msalani akaninong'oneza kwamba ujana umemrudia. Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Hatukumwambia.

Alikufa kabla masika hayajaisha. Siku za mwisho mkojo ulikataa kabisa kutoka, na hakutania tena.

Baada ya arobaini nilimweleza mama tulichokicheka siku ile. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso.

"Nilikuwa namfulia, naona madoa," alisema. "Akaniambia ni rangi ya vitambaa vya wateja. Ungenong'ona neno moja tu, ningemburuta."

Akaendelea kupepeta.

Kesho yake alinifungia mihogo ya njiani, akaniwekea begi mlangoni. Stesheni nilikwenda peke yangu. Tangu hapo nimeishi miji mingi. Tabora sijarudi.