Bei ya Kibao cha Mjomba

Kabla sijarudi Mbinga, kibao cha duka kiliuzwa kwa herufi. Mchoraji alihesabu herufi kwa kidole, akataja bei, na mteja akaanza kukata maneno ili ipungue. Ndiyo maana mji ulijaa vibao visivyosema kitu: Duka. Hoteli. Saluni. Ujinga huo niliukomesha mimi, na sijasikia aliyenishukuru.

Nina stashahada ya usanifu wa matangazo niliyoipata Dar es Salaam. Karakana yangu iko nyuma ya stendi, nimeijenga kwa jasho langu. Ukutani nimetundika vipande vya turubai la kuchapa, bati, plastiki ngumu na mninga. Mteja anagusa, anachagua, napima, na bei inatoka hapo. Ukichukua mninga, niandikishe hata Baba Yetu nzima, bei haibadiliki. Ninachouza ni miaka ambayo kibao kitakaa nje.

Siku moja mjomba wangu, kaka yake mama, alipanda kutoka Liuli. Alikuwa akimalizia nyumba ya wageni pale kando ya ziwa. Njiani alipitia Mbuji kwa wapasua mbao, akashuka kwenye basi stendi na ubao begani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, msomi. Nasikia bei yako inatokana na mbao."

"Ndiyo."

"Basi mbao hii hapa. Imebaki nini?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Niliupapasa ule ubao. Ulikuwa wa mlingoti, mti ambao wengine huuita mkaratusi, uliopasuliwa juzi, mbichi kiasi kwamba kucha iliacha alama yenye maji. Nikamwambia utakauka na kujipinda kama ngozi juani, na rangi itabanduka kabla mgeni wa kwanza hajavua viatu.

"Nimeuliza imebaki nini."

"Umebaki mkono wangu, mjomba. Anayeleta mbao yake namtoza kazi ya mkono tu. Na ubao huu siuandiki hata kwa malipo."

"Mkono!" Akaligeukia benchi. "Jamani, mkono huu kaulisha nani? Nimevua usipa, dagaa wa ziwa letu, nimeuanika, nimeuza, huyu akaingia kidato cha kwanza. Leo mbao yangu, mkono wangu, halafu ananitoza mimi!"

Hapo nikapandwa na hasira. Mjomba alinilipia karo ya muhula mmoja, na muhula huo ameutangaza kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo. Mihula mingine yote niliibeba mwenyewe, kwa kuchuma kahawa za watu na kupakia saruji Songea. Kama ningemwandikia bure siku ile, mbele ya watu, ningebaki mali yake hadi kaburini, na upande wote wa mama ungepanda basi na mbao zake.

"Usipa wako ulinipa muhula mmoja, mjomba," nikasema. "Au na stashahada nayo uliianika wewe?"

Mtu hamwambii mjomba wake hivyo. Nilijua, nikasema.

Aliutazama ukuta wangu. Kisha akanyoosha kidole kwenye mninga. "Pima huo. Nipe bei ya mtu usiyemjua."

Nikapima, nikamtajia bei kamili. Akalipa pale pale, akaondoka, mlingoti wake akauacha mlangoni.

Herufi sikuzipaka juu, nilizichonga zikazama ndani ya mbao, kwa sababu upepo wa ziwa unakula rangi. Alipokuja kuchukua, alipitisha dole gumba kwenye kila neno akitafuta kasoro. Hakuipata, maana haikuwepo.

"Mama yako akija kwangu atalala bure," akasema. "Wewe utalipia chumba."

"Nitalipa."

Mwaka huu nilipata kazi ya kufunga kibao cha duka la dawa kule kule Liuli. Nyumba za wageni ziko nyingine, lakini nilikwenda kwake makusudi. Kibao changu kimenyooka, kinasomeka tangu barabarani. Nikamkuta mapokezini, nikamwamkia. Hakuitikia. Akanisukumia daftari la wageni niandike jina, natoka wapi, na kabila langu, kama hanijui.

Nikaandika yote. Nikalipa bila kuomba nipunguziwe. Mama anasema nikamwombe radhi. Siendi.