Siku Nilipokataa Kanga Mbele ya Nyuki Wadogo

Nyuki asiye na mwiba analindaje asali yake? Swali hilo niliuliza mimi, kwa mdomo wangu huu, nyuma ya jiko la watu huko Bujora, na kama ningesubiri jibu kidogo tu, leo nisingekuwa mtu ambaye kila sherehe ya ukoo lazima mmoja anitazame, ashike kichwa chake kwa mikono miwili, na wenzake waanze kucheka kabla hajasema kitu. Basi acha niwasimulie mwenyewe, maana wao huongeza chumvi (wanasema nililia kama bata, sikulia kama bata).

Masanja alikuwa ananipeleka kwao kwa mara ya kwanza. Mimi ni wa Kiseke, nimesoma, na nina ugonjwa wa kuuliza "kwa nini" hata kwenye mambo ambayo watu walishakubaliana. Njiani akanieleza kwamba baba yake mkubwa ndiye angesema ndiyo au hapana kuhusu ndoa yetu, kwa kuwa baba yake alishafariki, na kwamba nyumbani kwao mchumba hupimwa kwa bakuli: mama anafungua mzinga wa nyuki wadogo, mchumba anakinga asali, kisha anampelekea baba mkubwa aonje.

"Usiimwage tu," akasema. "Wanavuna mara moja kwa mwaka, na haijazi hata chupa."

"Kwa nini asipeleke mama mwenyewe?"

"Ee Mungu wangu," akasema Masanja.

Tulifika, nikapiga magoti, nikaamkia wazee waliokuwa wamekaa mbele ya nyumba kwenye viti vya plastiki, nikiwa na wigi jipya la kufika mabegani ambalo nilikuwa nimelichana tangu alfajiri. Mama yake Masanja, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akanivuta nyuma ya jiko pamoja na wifi yangu Kabula. Mzinga ulining'inia chini ya paa: kipande cha gogo lenye uwazi, ncha zimezibwa kwa udongo, katikati kimetokeza kijibomba cha nta chembamba kama mrija, na vinyuki vyeusi vinaingia na kutoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa nyuki, jamani. Hivi vilikuwa kama vile vidudu vya ndizi mbivu.

Mama akaninyooshea kanga. "Funga kichwa, mwanangu."

"Mama, hawa si hawaumi?"

"Hawaumi."

"Hawana mwiba kabisa?"

"Hawana."

"Sasa kanga ya nini? Na nyuki asiye na mwiba analindaje asali yake?"

(Kusema kweli nilidhani kanga ni yale mambo ya kumfundisha mkwe adabu mapema. Halafu kulikuwa na suala la wigi.)

Kabula akatazama pembeni. Mama akaitupia kanga begani mwake. "Si lazima," akasema. "Kichwa ni chako."

Akaushusha mzinga, akabandua udongo. Asali ya hawa haikai kwenye masega. Inakaa kwenye vijungu vyeusi vya nta vilivyobanana kama zabibu, na nta yenyewe wameichanganya na utomvu wa miti, kwa hiyo mama anavibandua, mimi navipasua kwa vidole juu ya chujio, viganja vinazidi kuwa vyeusi na kunata, na asali inadondoka kwenye bakuli la bati, nyepesi kama chai. Nikalamba kidole. Chachu!

"Mama, hii haijaharibika?"

"Watu wanatoka mjini kuitafuta kwa ajili ya kifua," mama akasema, "wewe unauliza kama imeharibika!"

Akanipa bakuli nilishike kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipojibiwa. Mmoja aliingia kwenye wigi. Wakaja kumi, wakaja ukoo mzima, wakajichimbia mpaka kwenye ngozi, wakang'ata vinyweleo, wakaingia masikioni, mmoja akapanda puani akakaa kama amepanga chumba. Siwezi kujipiga, nimeshika bakuli. Nikataka kulitupa (ndiyo, asali ya mwaka mzima, nilitaka kuitupa), vidole vikakataa, vimeganda kwenye bati kwa ule utomvu.

"Simama!" mama akaita.

"Usikimbie, wifi!" Kabula akaita.

Nikakimbia. Kiatu kimoja kikabaki jikoni, nikazunguka nyumba, nikatokea katikati ya wazee nikitikisa kichwa kama mbuzi aliyeingiwa na maji masikioni, na kwa mtikiso wa mwisho wigi likaruka, likatua mapajani kwa baba mkubwa, ambaye macho yake yalishapungua nguvu.

"Paka!" akapiga kelele. "Paka huyu! Pigeni!" Akalisukuma chini, akaanza kulitwanga kwa fimbo, vinyuki vinatoka, naye anazidi kutwanga.

Mimi nimebaki na soksi ya kichwani, kiatu kimoja na bakuli. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilipiga magoti. "Shikamoo baba. Asali hii hapa."

"Marahaba, mwanangu," akasema bila kuacha kutwanga. "Ngoja kwanza nimmalize."

Masanja alicheka mpaka akalala chini. Nilirudi Kiseke nikiwa nimefunga ile kanga, nikijua ndoa imekwisha kabla haijaanza. Kesho yake wakatuma neno kwamba wamekubali, nami nikadhani wamenihurumia. Tangu hapo nikipewa kanga naifunga kwanza, naikaza, ndipo nauliza kwa nini.

Ni juzijuzi tu, nikiwa na watoto wawili, ndipo Kabula aliponiambia alichosema baba mkubwa siku ile baada ya sisi kuondoka: "Nyuki wamo kichwani, nywele zimeruka, kiatu kimebaki jikoni, lakini bakuli halikumwaga hata tone. Mwambieni Masanja aharakishe, kabla wengine hawajasikia."